Mnara ukizima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtandao wa simu kwa simu wakati wa maafa, Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wajumbe wa kamati za maafa za vijiji na mitaa, watendaji, walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wavuvi, vijana wa bodaboda, na yeyote mwenye simu janja mfukoni kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linataka maelezo. Ukiwa na haraka, anza na swali la chaji na swali la namna ya kuandika ujumbe. Hayo mawili yanaokoa watu hata kama hutasoma mengine.

Mtandao wa simu kwa simu ni kitu gani hasa?

Ni simu kuzungumza na simu ya jirani moja kwa moja bila kupitia mnara. Mbali na redio inayotafuta mnara, kila simu janja ina redio nyingine mbili ndani yake: Bluetooth na Wi-Fi. Hizo hazihitaji mnara, laini wala bando. Kama umewahi kumrushia mwenzako wimbo kwa Xender mkiwa mmekaa kibarazani, umeshatumia nusu ya jambo hili.

Nusu nyingine ni programu inayoifanya simu iliyo katikati ipokee ujumbe usio wake na kuupitisha mbele. Ya kwako inaipa ya jirani, ya jirani inaipa ya mwenye duka, mpaka ujumbe unafika zahanati, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani nyumba inapowaka moto. Hakuna mtambo mkuu wa kuzimika. Simu moja ikiisha chaji, ujumbe unapita kwa nyingine, mradi nyingine ipo karibu. Hilo neno "karibu" ndilo lenye kazi yote, na tutalirudia.

Kwa nini minara izime siku ileile tunapoihitaji?

Kwanza umeme. Mnara una betri, lakini ni za saa kadhaa tu. Baada ya hapo ni jenereta, jenereta ni dizeli, dizeli inaletwa na gari, na gari linataka barabara. Pili, mnara wenyewe hauna maana peke yake: lazima uunganishwe na minara mingine kwa nyaya za mkongo zilizofukiwa, nyingi zikifuata barabara, au kwa madishi yanayotazamana. Maji yakibeba tuta la barabara yanabeba na mkongo. Upepo ukilisogeza dishi kidogo tu, mnara unabaki umesimama huku umenyamaza. Tatu ni msongamano: mnara ni mzima, lakini wilaya nzima inapiga kwa dakika moja.

Nchi tajiri nazo hazikupona. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya vituo vya simu vilikuwa nje ya huduma. Japani, tetemeko na tsunami ya 11 Machi 2011 vilinyamazisha vituo vya simu takribani 29,000. Kama huko walibaki bila simu, sisi ambao barabara yetu kuu ya kwenda Dar es Salaam ni moja tuna kila sababu ya kujiandaa.

Huku kusini vimbunga si vya kila mwaka. Tunahitaji kweli?

Wazee wa Lindi wamerithi simulizi za kimbunga cha Aprili 1952, kilichopiga pwani ya kusini moja kwa moja. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth, chenye upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kilikuwa kinakuja upande wetu. Shule na ofisi zilifungwa Mtwara, watu wa pwani wakaambiwa wasogee maeneo ya juu, halafu tarehe 25 kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Desemba 2024, Kimbunga Chido nacho kikaingia Cabo Delgado baada ya kuibomoa Mayotte. Hakuna mpaka wa nchi unaozuia upepo. Mara mbili tumepishana nao kwa umbali ambao gari huumaliza kwa siku moja.

Na si vimbunga tu. Januari 2020 mafuriko yalizamisha vijiji vya Kilwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, mvua yake ilishuka hadi kwetu na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Watu na mizigo wakabaki huku na huku. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Kwa mtu aliyekuwa Kilwa mwezi ule, yote yalikuwa mwezi mmoja.

Ujumbe unafika mbali kiasi gani?

Si mbali. Bluetooth ya simu ya kawaida ndani ya nyumba ni mita 10 hadi 30. Uwanjani, pasipo kizuizi, inaweza kukaribia 100. Wi-Fi ya simu kwa simu hufika mbali zaidi, mita 50 hadi 100 mahali pa wazi, lakini inakula chaji. Ukuta wa matofali unapunguza, bati linazuia, majani mabichi ya mikorosho yaliyolowa mvua yananyonya mawimbi, na hata kiwiliwili cha mtu hunyonya. Simu iliyo mfuko wa nyuma husikika vibaya kuliko iliyoshikwa mkononi.

Sasa piga hesabu. Kutoka pwani hadi zahanati iliyo kilomita 2, kila simu ikiruka mita 50, zinahitajika simu 40 zilizojipanga. Inawezekana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku walifanya jaribio jijini Sendai baada ya lile tetemeko la Japani na kupitisha ujumbe kwa simu tu umbali wa zaidi ya kilomita 2. Lakini Sendai ni jiji. Magomeni au Chikongola, Mtwara mjini, nyumba zimebanana na jambo hilo linafikirika. Kijiji cha Tandahimba chenye kaya zilizotawanyika katikati ya mashamba ya mikorosho hakitapata simu 40 kwenye mstari. Huko ndiko swali linalofuata lina uzito.

Basi ujumbe unavukaje kutoka kijiji hadi kijiji?

Kwa kubebwa. Simu inapokea ujumbe, inauhifadhi, inatembea na mwenye simu, na ikikutana na simu nyingine inaukabidhi. Hakuna muunganiko wa moja kwa moja unaohitajika. Wataalamu wamelishughulikia hili kwa zaidi ya miaka 20. Njia ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2000 na Vahdat na Becker, ni ya kuambukizana: kila simu inayokutana na nyingine inampa nakala ya kila kitu. Ujumbe unaenea haraka, lakini simu zinajaa na betri zinakwisha. Mwaka 2005 ikaja njia ya kuweka kikomo cha nakala: unagawa chache, kisha waliozibeba wanasubiri mpaka wakutane na mwenyewe. Inachelewa kidogo, lakini inabana matumizi.

Mimi naamini hapa ndipo Mtwara na Lindi tuna nguvu ambayo hatujaitambua. Mbebaji tunaye tayari. Bodaboda anayetoka Mahuta kwenda Newala, mashua inayovuka kutoka Msangamkuu kwenda Mtwara mjini, muuguzi anayezunguka kliniki za mkoba, mwanafunzi anayerudi nyumbani: kila mmoja ana simu inayoweza kubeba maelfu ya ujumbe mfupi bila uzito wowote. Barabara ikikatika kwa gari, pikipiki hubebwa mabegani na kuvushwa, na hata pikipiki ikishindikana, mtu hupita kwa miguu.

Lakini mbebaji lazima ajulikane kabla. Ukiacha ujumbe ukutane na yeyote kwa bahati, unaweza kukaa siku tatu kijijini. Kamati ikipanga kwamba kijana fulani anapita vituo vitatu kila asubuhi na kila jioni, hata kama hana safari, ujumbe unatoka kwa ratiba. Anafika ofisi ya kijiji, anasimama dakika tano simu zikabidhiane, anaondoka. Hizo dakika tano ni muhimu. Akipita kwa kasi bila kusimama, simu hazipati muda wa kutambuana.

Ujumbe unaofika baada ya saa nne si sawa na simu ya papo hapo, na tusidanganyane. Ila "dawa za kisukari zimeisha, wagonjwa 6" bado ina maana kamili baada ya saa nne. "Nyoka ameuma mtoto" haina subira: huyo abebwe mwenyewe, msisubiri simu.

Tuweke programu gani?

Hakuna moja inayotosha kwa kila jambo.

Briar ni ya Android. Inatumia Bluetooth na Wi-Fi wakati intaneti haipo, ujumbe wake umefungwa ili asiyehusika asiusome, na programu yenyewe inaweza kuhamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine bila intaneti. Watu wengi wanaielewa vibaya katika jambo moja: ujumbe wa faragha wa Briar haupiti kwenye simu za watu usiowajua. Unakwenda pale simu yako na ya mwenzako zinapokutana. Kinachosafiri mkono kwa mkono ni mabaraza, kwa sababu kila mwanachama anabeba nakala na kumpa mwanachama mwingine anayemfahamu. Kwa kamati ya kijiji, basi, fungueni baraza, msitegemee ujumbe wa mtu na mtu. Na muongezane mapema, kwa kukutana na kupiga picha msimbo wa QR ulio kwenye kioo cha kila mmoja. Hiyo ni kazi ya mkutano mmoja. Siku ya mafuriko hakuna atakayekaa kuifanya.

Bitchat ilitoka Julai 2025. Inafanya kazi kwenye Android na iPhone, haitaki namba ya simu wala akaunti, na inapitisha ujumbe kwa Bluetooth kupitia simu hadi 7. Ni nyepesi kwa watu waliokusanyika, mathalani shuleni palipogeuzwa makazi ya muda. Bado ni changa, na walioitengeneza walionya kwamba usalama wake haujakaguliwa vya kutosha, kwa hiyo usiandikie humo jambo la siri.

Bridgefy imekuwepo muda mrefu na ilijulikana sana Hong Kong mwaka 2019. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba ujumbe wake ungeweza kusomwa na watu wengine, na baadaye ikabadilishwa. Kumbuka inahitaji intaneti mara ya kwanza, kwa hiyo haifai kuwekwa baada ya mnara kuzima.

Kuna pia Serval, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walioianza baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010. Naitaja kwa sababu ilitufundisha ukuta uko wapi: simu nyingi za Android zimefungiwa na watengenezaji zisiweze kutumia Wi-Fi kwa mtindo wa simu zote kuwa sawa, ndiyo maana programu nyingi za leo zinaegemea Bluetooth. Wao walitengeneza kifaa kidogo cha kuongeza umbali ambao simu hufikiana na kukijaribu visiwani Vanuatu.

Ushauri wangu: kamati iwe na Briar, na Bitchat iwe ya watu wengi kituoni. Mkishachagua, simu zote za kamati ziwe na ileile, na zote za kituoni ziwe na ileile. Simu tano zenye programu tano tofauti hazina mtandao wowote kati yao.

Hakuna kitu cha kufika kilomita kadhaa bila mnara?

Kipo. Kuna redio ndogo za teknolojia ya LoRa, zinazotumiwa na programu iitwayo Meshtastic. Redio inashikana na simu yako kwa Bluetooth, kisha redio kwa redio zinarushiana maandishi mafupi kwa kilomita kadhaa, na mbali zaidi kama moja imewekwa juu. Redio kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, pale Newala unapotazama bonde la Ruvuma chini, ingesikika mbali kuliko redio kumi zilizo bondeni. Zinakula umeme kidogo, kijisola kidogo kinatosha. Lakini zinanunuliwa, na masafa ya redio yanasimamiwa. Kabla ya kuagiza, halmashauri au kamati iwaulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ni masafa gani na nguvu gani inaruhusiwa. Msiweke kwanza mkauliza baadaye.

Ninaweza kupiga simu na kuongea?

Kwa umbali wa mruko mmoja, programu chache zinaweza. Kupitia simu nyingi, hapana. Sauti haivumilii kuchelewa. Panga kwa maandishi.

Je, pesa za kwenye simu?

Hazitafanya kazi. Salio lako limehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni, si ndani ya simu, na bila mnara hakuna wa kulithibitisha. Mtu akikuonyesha ujumbe kwamba amekutumia pesa wakati minara imezima, usimpe mzigo. Msimu wa mvua weka ndani noti ndogo ndogo za kutosha chakula, mafuta ya boda na dawa kwa siku chache. Jambo hili linasahaulika kila mara, na linaumiza zaidi akina mama wanaouza genge, ambao mtaji wao wote umo kwenye simu.

Mimi nina kitochi tu.

Kitochi hakiwezi kupokezana ujumbe, lakini usikitupe. Redio yake ya FM ndiyo njia nzuri ya kusikia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na betri yake hukaa siku kadhaa. Pia mnara ukirudi kwa udhaifu, SMS ya kitochi mara nyingi inapenya kabla simu janja haijafungua hata picha moja. Kila mwenye simu janja awe na kaya za jirani ambazo anazisomea na kuziandikia. Mzee asiye na simu ana haki ya kuhesabiwa sawa na kijana mwenye simu mbili.

Chaji itadumu vipi bila umeme?

Simu inayotafuta mnara uliokufa hujimaliza yenyewe: inaongeza nguvu ya redio na kuita, kuita, kuita. Kwa hiyo washa hali ya ndegeni, kisha washa Bluetooth kwa mkono. Hapo simu inaacha kuhangaika na mnara lakini bado inasikia majirani. Mara moja kila saa kadhaa, kwa wakati mliokubaliana, zima hali ya ndegeni dakika mbili uone kama mnara umerudi.

Punguza mwanga wa kioo. Zima Wi-Fi kama hamuitumii. Acha picha na video kabisa, kwa sababu picha moja ya mafuriko ina uzito wa ujumbe wa maandishi maelfu, na itaziba njia ya wote. Upande wa pili, usiwashe ile hali ya kubana betri kupita kiasi, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi chinichini. Ingia kwenye mipangilio, iruhusu programu mliyochagua ifanye kazi muda wote, na uiruhusu kutumia mahali ulipo. Android nyingi za zamani haziwezi kutafuta simu jirani kwa Bluetooth bila ruhusa hiyo. Wenye iPhone waweke programu wazi mbele ya kioo wakati wa kukabidhiana, kwani ikiwa nyuma inafanya kazi kwa shida.

Kuhusu umeme wenyewe, angalieni mlichonacho. Nyumba nyingi za vijijini zina sola ndogo ya taa. Betri ya pikipiki yenye tundu la USB inachaji simu. Ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na zahanati mara nyingi zina sola kubwa. Kamati iandike mapema nani ana nini, na simu za mawasiliano zipate zamu ya kwanza. Simu na pawabenki zikae kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Simu iliyozama haina programu.

Tuandike ujumbe wa namna gani?

Mtu aliyeogopa huandika: "Jamani huku hali ni mbaya tusaidieni." Anayeusoma saa tatu baadaye, kilomita 15 kutoka pale, hajui huku ni wapi, hali ni ipi, na nani anaita. Ujumbe ule umepita simu 20 bila kumsaidia mtu.

Andika mahali, saa, nini, wangapi, kinachohitajika, na jinsi ulivyojua. Mfano: "KILWA KIVINJE, karibu na soko, saa 8:20 mchana Jumanne. Watu 3 juu ya paa, 1 mjamzito. Mtumbwi unahitajika. Nimeona mwenyewe." Saa iandikwe ndani ya ujumbe kwa mkono, kwa sababu ujumbe uliobebwa unaweza kufika siku inayofuata, na msomaji atadhani ni wa sasa. Siku nayo iandikwe. Na watu wakishaokolewa, tuma mwingine: "Wale 3 wa sokoni Kivinje wametoka salama, saa 10:05 jioni Jumanne." Bila huo wa pili, watu wengine watahatarisha maisha kwenda kwenye paa tupu.

Simu inajua mahali ilipo hata bila mnara, kwa sababu GPS inatoka kwenye setilaiti na simu inasikiliza tu. Pakueni mapema ramani ya mkoa kwenye Organic Maps au OsmAnd, mtaweza kunakili namba za mahali na kuzituma. Lakini majina ya wenyeji yana kasi kuliko namba: "kwenye mbuyu wa njia panda ya kwenda kisimani" mwokoaji wa kijiji anapajua bila kuangalia kioo.

Tutazuiaje uvumi?

Mtandao huu hauna msimamizi wa kufuta. Neno likishatoka, kila simu inalo. Siku ya hatari mtu mmoja akiandika "bahari inapanda, kimbieni" umati unaweza kukanyagana. Kwa hiyo maneno mawili yawe sheria ya kijiji: "nimeona" na "nimesikia". Asiyetaja moja kati ya hayo, ujumbe wake usipitishwe kama habari. Amri za kuhama zitoke kwa mtu anayejulikana, mtendaji au mwenyekiti wa kamati, ambaye msimbo wake mliusajili ana kwa ana. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza habari za uongo kwa makusudi. Kutokuwepo kwa mnara si kinga.

Upande wa faragha, msiandike majina ya wagonjwa pamoja na magonjwa yao kwenye baraza la wote. "Mgonjwa wa dawa za kila siku, nyumba namba 14" inatosha, na orodha yenye majina ibaki kwa muuguzi.

Wavuvi baharini je?

Bluetooth haitakuokoa baharini. Chombo kilicho maili moja kutoka pwani kiko nje kabisa ya uwezo wa simu kwa simu. Huko kinachofaa ni redio ya VHF, chaneli 16 ikiwa ya dharura, na kutotoka kabisa pale Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema msitoke. Simu kwa simu inasaidia mkiwa diko: kuhesabu nani amerudi na nani hajarudi, na kupeleka hesabu hiyo kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha diko) na mjini. Bahari ikishatulia, mashua za Songo Songo na Msangamkuu ni wabebaji wazuri wa ujumbe. Kumpeleka mtu baharini wakati wa dhoruba ili apeleke ujumbe, hapana, hata ujumbe uwe mzito kiasi gani.

Niko Dar es Salaam, wazazi wako Nanyamba. Mtandao huu unanisaidia nini?

Peke yake, hauvuki kilomita zaidi ya 500 kuja kwako. Unakufikia kama kijijini kuna mtu wa mlango: mtu mmoja aliyepangwa kutembea hadi mahali panaposhika mtandao, na kila kijiji cha uwandani kina kilima au mti unaojulikana kwa hilo. Anafika na ujumbe wote uliokusanywa, anautuma kama SMS za kawaida, anapokea majibu, anarudi nayo. Kwa hiyo familia ikubaliane mapema namba moja ya mtu wa nje atakayepokea habari za wote. Wewe uliye Dar usipige simu mara 50. Kila mpigo unaoshindikana unaujaza mnara dhaifu ambao mwenzio anauhitaji kuita gari la wagonjwa. Tuma SMS moja, fupi, kisha ngoja.

Huu ni mbadala wa 112?

Hapana kabisa. Mnara ukiwepo hata kwa mstari mmoja, jaribu 112 kwanza, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Usiamini simu kwa simu kwa jambo ambalo mnara unaweza kulimaliza kwa dakika.

Tunaruhusiwa kisheria?

Bluetooth na Wi-Fi zilizomo kwenye simu yako huhitaji kuziombea kibali. Ila msifanye peke yenu pembeni. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi za chini hadi taifa, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Pelekeni mpango wenu kwa kamati ya kijiji au mtaa, na wajitolea wa Msalaba Mwekundu walio karibu wahusishwe. Ujumbe unaofika mahali ambapo hakuna mwenye mamlaka ya kutoa mtumbwi au gari haujafika.

Tuanze lini, na watu wangapi?

Mvua zetu za msimu huanza Novemba na kumalizika Aprili, na vimbunga vya bahari yetu hufuata karibu miezi hiyohiyo, ingawa Hidaya ilituonyesha kwamba Mei nayo si salama. Minada ya korosho hufunguka Oktoba, na wakati huo watu wanakusanyika kwenye AMCOS, simu zina chaji, bando lipo. Siku ile ile ya kupima korosho, kijana mmoja akae na meza pembeni, awahamishie watu programu simu kwa simu.

Msianze na kata nzima. Chagueni vituo vichache ambavyo mtu hakosekani: ofisi ya kijiji, zahanati, shule, msikiti au kanisa, kijiwe cha bodaboda. Kila kituo kiwe na simu moja isiyoondoka pale na mtu anayeijibia, na msaidizi wake. Kati ya vituo wawekwe wabebaji. Kijiji chenye vituo vitano vinavyofanya kazi na vijana wawili wanaotembea kimejipanga kuliko kijiji chenye simu mia zilizowekewa programu na kusahauliwa.

Kisha fanyeni zoezi la kweli. Wote waweke hali ya ndegeni, Bluetooth ikiwa wazi, na ujumbe mmoja utoke shuleni uende zahanati. Andikeni saa ulipotoka na saa ulipofika. Rudieni usiku, rudieni mvua ikinyesha. Mtagundua nyumba gani inakatisha mnyororo, simu ya nani inaua programu, na nani huwa anasahau kuandika saa. Rudieni kila mwezi wa mvua, kwa sababu simu huibwa, huuzwa na hubadilishwa, na orodha ya mwezi uliopita tayari ina mashimo.

Mnara ukirudi, tufanye nini na ujumbe uliobaki kwenye simu?

Msizime programu siku hiyohiyo. Mnara unaorudi baada ya mafuriko mara nyingi huondoka tena. Subirini siku mbili au tatu. Muda huo kamati ipitie ujumbe wote kwa mpangilio wa saa zilizoandikwa ndani, ilinganishe na orodha ya watu waliosajiliwa makazi ya muda, na itafute kila ombi ambalo halina ujumbe wa pili wa kulifunga. Kila ombi la namna hiyo, mtu atumwe aende kwa miguu mpaka kwenye nyumba iliyotajwa.